Karafuu wanunue wao, mwani uachiwe soko, bibi apewe elfu hamsini: serikali ishike wapi, iachie wapi?

Mkaazi wa Konde (mwenye uzi)

Assalaam alaikum wakubwa kwa wadogo.

Kuna jambo Pemba tunaliishi kila siku, lakini tukikaa barazani tunalizungumza vipande vipande. Leo bei ya karafuu, kesho TASAF (ule mfuko wa kusaidia kaya maskini), keshokutwa mwani. Nnataka leo tulitazame zima.

Chukueni nyumba moja ya kawaida. Baba ana mikarafuu yake, mama ana kamba zake za mwani pwani, bibi keshavuka sabini. Karafuu za baba zikishakauka, mnunuzi kwa mujibu wa sheria ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, lililoanzishwa 1968. Akipeleka kwengine ni magendo, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wako baharini wanamsubiri. Mwani wa mama ukikauka unakwenda kwa wakala wa kampuni, na bei anaikuta imeshapangwa, achukue au aache. Bibi naye anapokea Pensheni Jamii, na hakuna aliyemuuliza ana nini au hana nini. Umri wake umetosha.

Nyumba moja hiyo, na serikali imeingia humo kwa sura tatu: kwa baba ni mnunuzi pekee, kwa mama ni mtazamaji, kwa bibi ni mlipaji. Sasa tukiambiwa uchumi wetu ni mchanganyiko, sehemu ya serikali na sehemu ya watu binafsi, mie nauliza: nani alikaa akapanga kipi kiwe cha nani? Au kila kimoja kimejikalia pale kilipoachwa na zama zake?

Msimamo wangu nauweka mapema msije mkanitafutia chama. Kazi ambayo serikali zetu zote tokea 1964 zimeifanya kwa heshima ni ile isiyo na faida ndani yake: skuli, hospitali, kuwatazama wazee. Kazi inayonitia mashaka ni pale inapokuwa mfanyabiashara na hakimu kwa wakati mmoja. ZSTC ndiye anayenunua, ndiye anayepanga daraja la kwanza, la pili na la tatu, ndiye anayeuza nje. Toka 2011 tumeambiwa mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na mwaka ule bei kweli ilipanda hadi elfu 15 kwa kilo ya daraja la kwanza. Watu walifurahi, mie mmoja wao. Lakini asilimia 80 ya ngapi? Mkulima wa Mgogoni ataijuaje bei ya dunia ya leo, na ataihakiki kwa nani?

Karibuni. Kwa adabu.

Duka la Darajani

Yakhe, umezunguka sana kwa jambo dogo. Fungueni soko la karafuu. Kila mwenye leseni anunue, ZSTC akiwa mmoja wao, na anayetoa bei nzuri ndiye apate mzigo.

Mie nafanya biashara. Hakuna mtu anayepita bahari usiku na gunia la karafuu kwa mapenzi ya kupita bahari usiku. Magendo ni bei inazungumza. Ukiona karafuu zinatoroka kwenda Shimoni kule Kenya, au Tanga, jua kule wanalipa zaidi. Ukiona hazitoroki, ZSTC analipa vizuri. Doria hazihitajiki kujua hilo.

Na hiyo pensheni, fedha zake zinatoka wapi? Zinatoka kwetu sie, kwenye makontena, kwenye VAT, kwenye kodi ya pango. Serikali haina shamba la fedha.

Hamadi Mvuvi

Uzi mrefu huu nitausoma ijumaa baada ya sala 😂 lakini hiyo ya baba, mama na bibi imenigusa. Nyumbani kwetu ndivyo hivyo hivyo.

Mzee wa Mkanyageni

Waalaykum salaam. Nyie mnazungumza kama historia imeanza 2011. Niruhusuni kidogo.

Katika miaka ya sabini karafuu ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Zanzibar. Indonesia walikuwa wakizinunua kwa wingi, wao wanatia kwenye sigara zao. Bei ya dunia ilikuwa juu, juu kweli. Mkulima wa Pemba alikuwa akipewa sehemu ndogo sana ya bei ile, na magendo adhabu yake ilifika kifo. Kwa fedha zile ndiyo yalijengwa majumba ya Michenzani kule mjini na nyumba za maendeleo huku kwetu, Madungu na Wete. Skuli zilikuwa bure, marehemu Mzee Karume alitangaza hilo tarehe 23 Septemba 1964, na hospitali bure. Nyumba za wazee nazo zikawepo, Sebleni na Welezo Unguja, Limbani hapa Wete. Haya yote ni ya kweli na nimeyaona kwa macho yangu.

Na ni kweli vile vile kwamba mwanzoni mwa sabini tulipanga foleni ya mchele katika kisiwa ambacho kilikuwa kinaingiza dola. Serikali ndiyo iliyokuwa inaagiza chakula, ndiyo inayogawa, na ikiamua kutoagiza basi hakuna. Mfanyabiashara wa kukuokoa alikuwa hayupo, keshaondolewa. Mtu aliyekula muhogo na majimbi mwaka mzima hana haja ya kufundishwa ubaya wa mnunuzi mmoja na muuzaji mmoja.

Kisha Indonesia wakapanda yao, katika miaka ya themanini bei ikaanguka, na serikali iliyotegemea zao moja ikajikuta haina kitu. Ndipo Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofungua biashara 1984 na 1985. Watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Darajani ikajaa vitu. Kwa hiyo wewe wa Darajani ulipo hapo umewekwa na uamuzi wa serikali, usisahau.

Ninalotaka kusema ni kuwa ile neema ya skuli na majumba ilitoka mfukoni mwa kundi moja tu, wakulima wa karafuu, kwa kuwalipa kidogo. Ilikuwa kodi, lakini haikuitwa kodi, na haikupita barazani kwa mtu kujadiliwa. Hiyo ndiyo iliyoacha vidonda.

Duka la Darajani

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mwisho nalichukua kama lilivyo. Na ndiyo hoja yangu: ukitaka kusomesha watoto, toza kodi wazi, watu wote waione. Usijifiche nyuma ya mizani ya karafuu.

Mama wa Tumbe

Wanaume mnazungumza karafuu, karafuu. Hebu njooni pwani.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara hapa Zanzibar 1989, na tokea siku hiyo ni soko huria mnalolisifu. Sasa nikuambieni soko huria lilivyo. Maji yakiwa ya bamvua tunashuka, tunapanda, tunafunga mbegu, tunasubiri wiki kama sita, tunavuna, tunaanika. Mwani ukinyeshewa umeharibika. Ukikauka, gunia la mwani ni jepesi kwenye mizani kuliko lilivyokuwa zito kichwani. Anakuja wakala. Kampuni ni chache, na pahala pengi anafika mmoja tu, na kamba na mbegu pengine ndiye aliyekukopesha yeye, kwa hiyo unauza kwake utake usitake. Hakuna sheria iliyosema mnunuzi awe mmoja. Amekuwa mmoja hivyo hivyo.

Ile aina yenye bei, cottonii, bahari imepata joto inakufa. Tumebakiwa na spinosum ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Na kampuni ikisema huko nje bei imeshuka, nani atabisha? Sina asilimia 80 mie. Sina hata asilimia ya kuuliza.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Darajani, mume wangu akilalamika ZSTC mie namtazama tu. Yeye anaijua bei kabla hajapanda juu ya mti kuchuma. Mvua ikimpita, ana mahala pa kulalamika, redioni watamsikia. Mie nikalalamike wapi, kwa wakala?

Sitaki serikali inunue mwani wote. Nnataka iwepo, iseme: bei ikishuka chini ya hapa, sisi tunanunua. Basi. Kampuni wakijua kuna mtu nyuma yangu watazungumza na mie vyengine. Ile kampuni ya serikali ya mwani na kiwanda cha Chamanangwe tumeisikia kwa matumaini hayo hayo, isije ikawa ZSTC ya pili.

Mkaazi wa Konde

Bi Tumbe, hiyo ya "mtu nyuma yangu" ndiyo niliyokuwa naitafuta na sikuwa na maneno yake. Kuna tofauti kubwa baina ya serikali kuwa mnunuzi pekee na serikali kuwa mnunuzi wa akiba. Yule wa kwanza anakufungia milango mingine. Huyu wa pili anakuachia milango yote wazi, na wake anauacha bila komeo kwa siku ya shida.

Swali langu kwako: serikali ikiweka bei ya chini ya mwani, na soko la nje likianguka kweli, hasara ataibeba nani? Maana mwani hauliwi. Utakaa ghalani.

Mama wa Tumbe

Atakayebeba hasara ni yule yule anayebeba sasa, ila tutakuwa wengi wa kuibeba. Sasa naibeba mie na mgongo wangu.

Mgeni wa Tanga

Jamani nichangie kutoka ng'ambo ya pili. Huku kwetu Muheza karafuu zipo na zinauzwa huru. Mwaka mzuri mkulima anakuringia. Mwaka mbaya, au mtu akiwa na shida ya ada na ugonjwa, mchuuzi anakuja kununua karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya huruma yake. Mizani nayo kila mtu na yake. Kwa hiyo msidhani ng'ambo ni peponi.

Nilichokuja kuuliza ni hicho cha pensheni. Bara hatuna pensheni ya wazee wote, tuna TASAF kwa kaya maskini basi. Mnawalipa wazee wote, hata tajiri? Mzee mwenye ghorofa Mjini Magharibi naye anapewa? Si kupoteza fedha huko?

Hesabu Tu

Karibu Mgeni. Hili nalijibu mie.

Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016. Kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, awe alikuwa waziri, mvuvi, au mama aliyezaa na kulea na hajawahi kuonja mshahara. Ilianza na shilingi elfu 20 kwa mwezi, ikakaa hapo hapo kwa miaka saba, 2023 ikapandishwa kuwa elfu 50. Inalipwa kwa bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) yenyewe, si ya mfadhili. Hilo la mwisho msilipite haraka. Mfadhili akichoka anaondoka, na mradi unakwenda naye.

Fanya hesabu ya mkono. Chukua, kwa mfano, wazee elfu 28. Mara elfu 50 ni bilioni 1.4 kwa mwezi. Kwa mwaka bilioni 16.8. Bajeti ya Zanzibar ya 2023/24 ilikuwa kama trilioni 2.8. Gawa mwenyewe: haifiki asilimia moja. Wazee wakiongezeka wakawa elfu 40 bado hujaivuka asilimia moja. Sasa nionyeshe kitu kingine chochote kwenye bajeti kinachofika kila shehia, kuanzia Makangale mpaka Makunduchi, kwa chini ya asilimia moja.

Kuhusu tajiri: ili umtoe tajiri mmoja lazima uwapime wote. Utaajiri wapimaji, utaandika madodoso, utafanya mikutano, na mwisho utamtoa tajiri pamoja na maskini watatu waliojibu vibaya. Tajiri mwache achukue elfu 50 yake. Mrudishie kwenye kodi.

Salma Chake

Hapo Hesabu Tu umesema. TASAF ilipokuja kwetu, sitoitaja shehia, watu walioishi pamoja toka utotoni waligombana. Fulani ana bati, fulani ana makuti lakini mwanawe yuko Muscat anamletea. Mkutano wa hadhara unakaa kumjadili jirani yako ni maskini kiasi gani, naye amekaa pale pale anasikiliza! Kuna bibi mmoja alisema bora nisipewe kuliko kusemwa. Akatoka. Hakupewa.

Pensheni ya wazee haijagombanisha mtu. Miaka haibishaniwi.

Ami Kojani

Miaka haibishaniwi? Njoo Kojani uone wazee waliozaliwa mwaka wa njaa na mwaka wa kimbunga, hawana cheti wala tarehe 😂

Duka la Darajani

Hesabu Tu, hesabu yako nzuri na sibishani na wazee. Mama yangu mwenyewe anapokea. Lakini unahesabu kitu kimoja kimoja. Weka pensheni, weka elimu bure, weka afya, weka TASAF, weka ruzuku, weka mishahara ya serikali, na mwisho wake mwenye duka ndiye anayeoneshwa risiti. Wakati huo huo serikali ina benki yake, PBZ toka 1966. Ina bima yake, ZIC. Ina umeme, ina maji, ina karafuu. Na toka Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima wa kutoka nje ya nchi anayeingia analipa dola 44 za bima, na bima yenyewe ni ya ZIC peke yake. Kampuni binafsi za bima ziko hapa, zinatazama.

Halafu tunaambiwa sekta binafsi ni injini ya uchumi.

Mtu wa Fumba

Wewe unaona upande mmoja. Bandari ya Malindi toka 2023 inaendeshwa na kampuni ya nje, Africa Global Logistics. Kiwanja cha ndege jengo jipya wapo Dnata, nao kampuni ya nje. Visiwa vidogo wamekodishwa wawekezaji. Serikali imeachia vingi sana. Tatizo langu ni kuwa inaachia vile vyenye faida na inabaki na vile vyenye lawama.

Na dola 44 mie naziunga mkono. Mgeni akivunjika mguu Nungwi anatibiwa, na fedha inabaki hapa. Utalii ni karibu asilimia 30 ya pato letu, na mtu wa Micheweni anauona kwenye televisheni tu. Kama si serikali kuchukua kule na kuleta huku, kwa njia gani nyengine zitamfika? Mwenye hoteli Kendwa hatomletea.

Maalim wa Pujini

Assalaam alaikum. Sijaona mtu aliyetaja zaka. Kabla ya SMZ, kabla ya mkoloni, kabla ya hiyo mifuko yenye majina marefu, masikini wa visiwa hivi waliishi kwa zaka, sadaka na wakfu. Mashamba mangapi na nyumba ngapi Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu kwa ajili ya mayatima na misikiti? Leo ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na inakusanya zaka pia. Watu wetu wakitoa zaka zao za karafuu sawasawa kila msimu, nusu ya mjadala huu ungekuwa haupo.

Mama wa Tumbe

Maalim, zaka ni nguzo na hakuna anayebisha. Ila mtoa zaka humtazama anayempenda. Mjane mwenye ulimi mkali je, atapewa? Pensheni haitazami ulimi.

Maalim wa Pujini

Hilo nalo ni aibu yetu sisi watoaji. Si kasoro ya zaka.

Msimamizi

Nimefuta michango miwili ya kutukanana vyama. Uzi huu ni wa uchumi. Anayetaka kupiga kampeni aende jukwaa lake.

Mkaazi wa Konde

Ahsanteni. Nimekaa nikayasoma yote, nna machache.

Darajani, nakubali magendo ni bei inazungumza. Lakini ukifungua soko la karafuu kesho asubuhi, nani atakuwa na mtaji wa kununua msimu mzima wa mwaka kwa fedha taslimu? Wewe unao? Watakuwa wawili watatu, na wao watakutana mgahawani Forodhani wapange bei wakinywa kahawa. Utakuwa umeibadilisha ZSTC moja kwa nyengine isiyo na bunge la kuihoji. Mwani umeshatuonesha.

Halafu kuna vitu ZSTC anavifanya ambavyo mchuuzi hatofanya. Miche ya mikarafuu inagaiwa bure, na mkarafuu unataka miaka mingi mpaka ukupe kitu cha maana. Mchuuzi gani atangoja? Mikopo ya kuchumia kabla ya msimu, maana wachumaji wanataka pishi yao ilipwe siku ile ile, karafuu zako ziwe zimekauka au hazijakauka. Na fidia kwa walioanguka mikarafuuni. Kila msimu tunazika au tunauguza mtu aliyetoka juu ya mkarafuu, tunaona ni kadari na kazi inaendelea. Kumlipa yule ni ulinzi wa jamii kama pensheni ilivyo, ila umejificha ndani ya biashara.

Ndipo ninapotaka tufike. Ukiwa umechanganya biashara na ulinzi wa jamii ndani ya shirika moja, hujui kipi kinakula kipi. Ile asilimia 20 inayobaki, ngapi ni gharama ya kuuza, ngapi ni miche, ngapi ni fidia, ngapi ni mishahara ya ofisini? Tutenganishiwe. Bei ya dunia waliyouzia ibandikwe pale pale kituoni kwenye mizani, Mkoani, Chake, Wete, kila wiki ya msimu, na hesabu ya asilimia 80 chini yake. Mkulima asome. Asiyejua kusoma mwanawe amsomee, si skuli ni bure. Hapo mie sina shida na mnunuzi mmoja. Wakishindwa kubandika, basi Darajani ana haki, na wafungue soko.

Na pensheni ile ifungwe na bei ya vitu. Haiwezekani ikakaa miaka saba kwenye elfu 20 huku mchele unapanda kila Ramadhani, kisha ikapandishwa mara moja kwa shangwe ikawa ni hisani ya mtu. Ikiwa ni haki, iwe inapanda yenyewe. Bibi asingoje mwaka wa uchaguzi.

Hesabu Tu

Ya kuifunga na bei naiunga mkono, na naongeza moja: kwa nini 70? Mvuvi wa Kojani au mbeba mawe hafiki sabini akiwa mzima. Mwenye ajira rasmi ana ZSSF yake, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, anachangia na mwajiri anachangia. Wavuvi, wakulima, mama wa mwani, wote hao hawamo, ila wachache waliojiunga kwa hiari. Yaani anayefanya kazi ngumu zaidi ndiye anayengoja zaidi. Ikishuka 65 gharama itaongezeka, ndiyo, lakini tuanze kuizungumza.

Duka la Darajani

Mkaazi wa Konde, nna swali moja. Umesema bei ibandikwe. Nani atamlazimisha ZSTC kubandika? Mie nikidanganya bei, mteja anakwenda duka la pili. ZSTC akidanganya, mkulima anakwenda wapi?

Mkaazi wa Konde

Wawakilishi. Tumewachagua kwa kazi hiyo.

Duka la Darajani

😂😂😂 Haya bwana.

Mzee wa Mkanyageni

Usicheke. Bei ya 2011 haikupanda kwa ukarimu. Watu walisema miaka na miaka, na karafuu zikavuka bahari, mpaka ikabidi. Njia zote mbili zilifanya kazi.

Ami Kojani

Jamani kabla uzi haujafungwa, mimi nauliza kweli sasa, si masihara. Nna shangazi yangu, kwa hesabu zetu ana sabini na tatu au nne, kitambulisho chake kimeandikwa mwaka wa kuzaliwa uliokosewa, kinaonesha sitini na sita. Hapokei. Tumekwenda, tukaambiwa kitambulisho ndicho kinachosema. Nifanye nini?

Salma Chake

Ami, anza kwa sheha. Mtake barua ya kumtambua mzee, na mwende na watu wazima wawili waliokua naye wakatoe ushahidi. Kisha nenda kwenye usajili mkarekebishe tarehe kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwanza, kabla ya kitu chengine chochote, maana bila hicho utazungushwa. Kikitoka kipya ndiyo mwende Ustawi wa Jamii na Wazee wilayani. Kama kaka yake au dada yake anayemfuata anapokea tayari, beba na kopi ya kitambulisho chake. Haiwezekani mdogo awe na sabini na moja na mkubwa awe na sitini na sita.

Ami Kojani

Mdogo wake anapokea toka mwaka juzi! Sikulifikiria hilo. Jumatatu tunakwenda, inshaallah.

Mgeni wa Tanga

Ami, ukirudi tuletee jibu hapa hapa. Na mimi nimepata la kwenda kuwauliza wabunge wetu huku.